Mgeni Siku Mbili: Kwa Kijana Anayekwenda Nje Peke Yake Kujitolea



Vijana wenzangu, tangu Pasaka nimeulizwa swali moja mara tatu, na watu watatu wasiofahamiana: "Frateri, nimepata nafasi ya kwenda nchi ya nje kujitolea. Naenda peke yangu, na sijawahi kuvuka mpaka. Niende?" Wa kwanza ni binti aliyemaliza kidato cha sita, mwana TYCS. Wa pili ni fundi umeme, kijana wa VIWAWA. Wa tatu alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtu asiyemjua, akiambiwa atume kwanza hela ya fomu. Huyo wa tatu nilimjibu siku ileile kwamba asitume hata shilingi. Wale wawili nilitaka niwajibu vizuri zaidi, na kwa kuwa najua wapo wengine wenye swali hilihili, somo letu la leo ni hilo.

Nianze na neno lenyewe, kujitolea. Sisi tuliosoma falsafa tuna ugonjwa wa kukaa juu ya neno moja nusu saa, mnivumilie kidogo. Mtu anaweza kutoa kitu akakiacha barabarani na kisiwe na mwenyewe. Lakini ukisema kutolea, lazima awepo mtu wa upande wa pili. Ukijitolea, kitu unachokitoa ni wewe mwenyewe, kwa hiyo kuna mtu atakayekupokea wewe: akupe mahali pa kulala, akuoneshe choo kilipo, akufundishe salamu. Yaani kabla hujampa mtu yeyote chochote, wewe ndiye unayepewa. Matangazo ya kujitolea huwa yanasema utakachokwenda kutoa, na picha zake ni za kijana anatabasamu katikati ya watoto. Yule mama aliyempikia huyo kijana asubuhi hayumo pichani.

Nazungumza kama mtu wa Kagunga. Kwa wasiojua, Kagunga ni kijiji cha mwisho kabisa upande wetu wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Unapanda boti Kibirizi, unaambaa na pwani, unaipita Gombe, unaendelea hadi pale milima inapokaribia kuingia majini, ndipo kijiji kilipo. Ukitembea kidogo kutoka hapo uko Burundi. Kwetu "nje" si kitu cha kupandia ndege. Dagaa wanavuka, mawese yanavuka, harusi zinavuka, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Hata hivyo, mimi nimezaliwa pale na nikafikisha miaka ishirini na kitu bila kugongewa muhuri wa Uhamiaji. Nilivuka rasmi mara ya kwanza katika mwaka wangu wa kichungaji, baada ya kumaliza falsafa, nilipotumwa miezi minne kusaidia katika parokia moja kusini mwa Burundi. Mafrateri wenzangu walibaki katika parokia za nyumbani. Mimi nilivuka peke yangu, na begi, na barua mbili, na Rozari ya marehemu bibi.

Jambo la kwanza nililoliona upande wa pili ni kwamba magari yanapita kulia. Pikipiki ilinibeba, na kila kona nilidhani tunakufa. Nalitaja kwa sababu ndivyo ilivyo: mwili wako unajua kwamba umefika kwa watu kabla akili haijajua.

Sasa tufungue Luka 10, aya ya 1 hadi ya 12. Bwana anawatuma wale sabini na wawili. Kwa kawaida tunaisoma sehemu hii tukiangalia kazi yao: kuponya wagonjwa, kutangaza Ufalme. Angalieni safari hii maagizo ya usafiri. Wanatumwa wawili wawili. Wanakatazwa mkoba, mfuko na viatu. Wakiingia nyumba, kwanza wasalimu kwa amani. Wakae humohumo, wasihamehame. Wale na kunywa wanavyopewa. Hesabuni wenyewe: maagizo ya namna ya kupokelewa ni mengi kuliko maagizo ya kazi. Bwana angeweza kuwapa chakula cha njiani, maana ndiye aliyeshibisha maelfu. Lakini aliwapeleka wakiwa na njaa, ili wafike mlangoni kwa mtu wakiwa wanahitaji kitu kutoka kwake.

Na hapo kwenye "wawili wawili" kuna jibu la neno "peke yangu". Nikiangalia historia ya pwani hii ya ziwa letu, sioni mtu aliyekwenda peke yake kweli na akafaa. Jane Goodall alipofika Gombe tarehe 14 Julai 1960 alikuwa na umri wa miaka 26, na serikali ya wakati ule ilikataa binti kijana akae porini peke yake. Akaja na mama yake mzazi, Vanne. Wakati binti akipanda milima kutafuta sokwe, mama alifungua kituo kidogo cha dawa, akawa anatibu wavuvi na familia zao. Dunia nzima inamjua binti. Mimi naamini ni mama aliyefanya wakae kwa amani na majirani. Simtaji Goodall kama mmisionari, maana hakuwa, ila ni jirani yetu wa kihistoria na somo lake linatufaa.

Basi ukiniambia unakwenda peke yako, nakuuliza maswali mawili. Nani anakutuma? Nani anakupokea? Yote mawili yajibiwe kwa majina ya watu unaoweza kuwapigia simu na wakapokea. Anayekutuma ni paroko wako, jimbo, shirika la kitawa, au chama chenye ofisi na watu wanaojulikana. Anayekupokea ni parokia, hospitali au shule iliyokuandikia barua yenyewe. Kama swali moja halina jibu, subiri. Kama yote mawili hayana jibu, kimbia. Hapa siongei mafumbo: biashara haramu ya binadamu siku hizi huja imevaa nguo ya kazi nzuri, masomo, hata kujitolea. Tanzania ina sheria dhidi yake tangu 2008. Dalili ni zilezile: unaharakishwa, unaambiwa usiwaambie wazazi, unaombwa hela ya fomu, na ukifika mtu anakushikia pasipoti "aitunze". Pasipoti yako ni yako. Kanisa limeitenga tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, iwe siku ya kuombea wahanga wa biashara hii, na Bakhita mwenyewe alitekwa akiwa mtoto huko Sudan.

Lakini ninaye mtu wa karibu zaidi na sisi, na ningependa kila kijana wa ukanda huu wa ziwa amjue. Anaitwa Adrien Atiman.

Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi inayoitwa Mali leo, miaka ya 1860. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza nje ya nchi, na alikwenda peke yake kwa maana mbaya kabisa ya neno hilo: hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemngoja, na waliokuwa naye njiani walimwona bidhaa. Huko Aljeria Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie, walimkomboa. Wakamlea, akabatizwa, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea udaktari pamoja na vijana wengine wa Kiafrika waliokombolewa kama yeye. Na mwaka 1888, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, alianza safari ya pili. Akapanda meli pamoja na msafara wa wamisionari, akashuka pwani yetu ya Afrika Mashariki, akaingia bara kwa miguu, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwa Ujiji kwenye ufuko huuhuu wa Tanganyika. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mlei, daktari na katekista.

Tafakari jambo hilo taratibu. Ujiji ya wakati ule ilijulikana kama kituo kikubwa cha misafara ya watumwa na pembe. Kijana huyu anajua mnyororo ni nini. Angekuwa na kila sababu ya kutaka kwenda kwao, au kubaki Malta akatibu matajiri. Anakuja mahali ambapo biashara iliyomteka yeye bado inaendelea, kwa watu ambao lugha yao haijui, na ngozi yake haimsaidii chochote maana yeye ni mgeni kama Mzungu tu. Alitumwa na alipokelewa, na hiyo ndiyo tofauti kati ya safari zake mbili. Karema ikamwoza mke, mwanamke wa hapohapo. Mtoto wao Yosefu akawa padre. Atiman akawatibu watu, na akajifunza kwao dawa za miti ya kwao, daktari mwenye elimu ya Ulaya akikaa chini kama mwanafunzi. Alifariki Karema mwaka 1956. Miaka 67! Sisi tunaomba ruhusa ya miezi mitatu na tunaweka picha kila siku.

Wengine hawakupata muda huo. Mapadre Weupe walifika Ujiji Januari 1879, na tarehe 4 Mei 1881 huko Rumonge, upande wa Burundi, wawili wao waliuawa pamoja na mlei mmoja Mbelgiji, mtu wa kujitolea aliyewahi kuwa askari wa Papa. Sikuandikii hilo ili kukutisha. Nasema tu kwamba wazazi wako wakiogopa, wasikilize. Hofu yao si ukosefu wa imani.

Nirudi Kagunga, maana kuna jambo la nyumbani lazima niliseme.

Mwishoni mwa Aprili 2015 Burundi iliwaka moto wa kisiasa, baada ya Rais Nkurunziza kutangazwa kugombea muhula wa tatu. Watu wakaanza kuvuka. Kijiji chetu kina watu elfu kumi na zaidi kidogo. Kufikia katikati ya Mei mashirika yalikadiria kwamba ufukweni na kandokando yake kulikuwa na watu wapatao 50,000. Barabara ya kuwatoa haikuwepo, mlima uko nyuma, ziwa liko mbele. MV Liemba, ile meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikasimama mbali kidogo na ufuko, mitumbwi ikawa inawapeleka watu hadi kwake, nayo inabeba mia sita hivi kwa safari kwenda Kigoma mjini. Kutoka hapo walipelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kikaingia. Kufikia mwishoni mwa Mei wagonjwa walikuwa takriban 3,000, na waliofariki ni zaidi ya 30, karibu wote wakimbizi, na wenyeji wamo pia.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Nakumbuka harufu, na nakumbuka mchanga hauonekani. Wageni wa kujitolea walikuja, wa Msalaba Mwekundu na mashirika mengine, na Mungu awalipe. Lakini kabla yao, siku zile za kwanza, walikuwepo akina mama wa Kagunga na masufuria yao. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alipika uji wa muhogo asubuhi mpaka unga ukaisha, akaenda kuazima kwa jirani, jirani naye hana. Hakuna aliyewaita watu wa kujitolea, na hakuna aliyewapa fulana. Nasema hivi kwa vijana wanaodhani wito wa huduma huanzia uwanja wa ndege. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu ni msimamizi wa misioni tangu 1927, na tangu alipoingia monasteri ya Lisieux hakutoka.

Sasa sikiliza nilichokutana nacho Burundi. Wiki mbili za kwanza paroko wa kule hakunipa kazi yoyote. Alinikabidhi kwa katekista mmoja mzee na kuniambia: "Frateri, wewe beba mkoba wa Mzee, jifunze majina." Basi. Mimi nilikuwa nimeandaa semina ya vijana, kurasa kumi na moja. Tulizunguka vigango kwa miguu, Mzee anasalimia watu, ananitambulisha, tunakaa, tunakula, tunaondoka. Kwa Kirundi mgeni ni umushitsi, na Mzee alikuwa akilitamka neno hilo kwa fahari kama anamtangaza askofu. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunapokwenda kujitolea tunataka jembe tangu siku ya kwanza, na tukicheleweshwa tunadhani tunapoteza muda. Lakini zile siku mbili ni mali ya mwenyeji. Ndizo siku zake za kukuangalia, kukulisha, na kuamua jembe lipi linakufaa.

Jioni moja tuliingia kwa mama mmoja mjane. Akaniuliza kwa Kiswahili natoka wapi Tanzania. Nikasema Kagunga. Akanyamaza kidogo. Kisha akawaita watoto wake wakubwa waje wanisalimie, mmoja mmoja. Akasema mwaka 2015 alilala kwenye mchanga wetu siku tisa, na huyu hapa, akamgusa kijana mrefu kuliko mimi, alikuwa anaharisha na alidhani anamzika pale. Baada ya miaka ya kambini wakarudi kwao. Akaenda jikoni. Alichokileta ni wali na mgebuka mzima, na kwa hali ya nyumba ile nilijua huo wali umetoka mbali. Nilimwambia, "Mama, tungegawana na watoto." Akanijibu, "Kule kwenu nilikula bila kulipa. Leo wewe kaa, ule."

Nikala. Watoto walikula maharage, mimi nikala samaki, na Mzee chini ya meza alinigusa mguu nisibishe. Kwa miaka mingi mama yule alikuwa mtu wa kupokea tu: foleni ya unga, foleni ya blanketi, foleni ya maji. Usiku ule alikuwa na mgeni, na mgeni mwenyewe ametoka ufuko uleule. Kama ningemsukumia sahani ningekuwa nimemrudisha foleni. Ile huduma ya kwanza niliyoifanya Burundi ilikuwa kumaliza samaki.

Kuna mwanafalsafa Mkatoliki wa Ufaransa, Gabriel Marcel, aliyefariki mwaka 1973, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi Msalaba Mwekundu. Kazi yake ilikuwa kutafuta habari za askari waliopotea na kuzijibu familia zao. Kila jina lilikuwa kwenye kadi, na yeye alitambua haraka kwamba aliyekuja kuuliza si kadi. Baadaye aliandika sana juu ya mtu kuwa tayari kwa mwingine, kuwa na nafasi ndani yako ya mtu mwingine kukaa. Chuoni niliyasoma hayo kwa ajili ya mtihani. Nafikiri Marcel angemwelewa yule mama vizuri kuliko tulivyomwelewa Marcel darasani. Mtu aliyejaa mipango yake ya kusaidia hana nafasi ya mtu kukaa.

Upweke upo, nisiufiche. Jumapili jioni ndio mbaya zaidi, Misa imekwisha, kila mtu amerudi kwake, na simu haina salio. Kilichonisaidia ni Sala ya Jioni kwa saa ileile waliyokuwa wakisali wenzangu nyumbani, na kuwa na padre wa kuungama asiye bosi wangu. Tafuta huyo padre wiki ya kwanza, usingoje mpaka uvunjike.

Ya makaratasi nayapitia haraka. Pasipoti, au kwa nchi jirani hati ya dharura ya kusafiria, ipate Uhamiaji mapema, na uache nakala nyumbani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, usiitupe. Barua ya utambulisho ya paroko na nakala ya cheti cha ubatizo. Nauli ya kurudi, ambayo huigusi hata ukifa njaa, ikae mbali na pesa ya matumizi. Watoto wa watu usiwapige picha bila idhini ya wazazi, na usikae na mtoto peke yenu chumbani; kila parokia makini ina taratibu zake, ziulize siku ya kwanza. Na jifunze salamu kabla ya kuvuka. Burundi neno moja tu, amahoro, lilinifungulia milango mingi kuliko Kifaransa changu cha seminari.

Kwa wale wawili: dada wa kidato cha sita, wewe una barua ya masista wanaokupokea, na wazazi wamekubali. Mwambie paroko akutume mbele ya jumuiya, kwa baraka, ili watu wajue una wa kurudi kwao. Nenda. Kaka fundi, wewe una mwenyeji ila huna anayekutuma, maana nafasi umeipata kwa rafiki wa rafiki. Mwone paroko kabla hujakata tiketi, na uombe wafanye mawasiliano parokia kwa parokia. Ikichukua miezi, fungia jumuiya taa wakati unasubiri.

Na kwa wote: mkikutana Jumamosi kwenye kikundi chenu, mmoja asome Luka 10:1-12 polepole, mara mbili. Kaeni kimya dakika tano, saa ipimwe. Kisha kila mmoja aseme mara ya mwisho alipopokelewa na mtu asiye na kitu kuliko yeye, aseme alikula nini, na alijisikiaje kula. Msijadili, sikilizeni tu. Tulipofanya hivi kigangoni Kagunga tulipanga nusu saa. Tulimaliza saa tatu usiku, na mzee mmoja aliyekuja kumchukua binti yake akavuta kiti akaanza kusimulia ya 2015.